Siku nne Pemba kwa gari la kukodi, watu watano kutoka Dar

#1 MsafiriPolepole

Wakuu, salaam. Nimerudi Dar juzi, na nguo zilizokuwa kwenye begi bado zinanukia karafuu hata baada ya kufuliwa. Naandika mapema kabla sijasahau, maana kabla ya kwenda nilimtafuta sana mtu aliyezunguka Pemba kwa gari la kukodi, nikaambulia watu wanaozungumzia Nungwi na Paje tu. Unguja sina ugomvi nayo, nimeshakwenda mara kadhaa. Lakini Pemba ni kisiwa kingine kabisa, na mtu wa Dar anayependa barabara anastahili kukijua.

Tulikuwa watano: mimi, jamaa wawili niliosoma nao, dada mmoja mhasibu aliyeshika mfuko wa safari, na mdogo wake wa kike ambaye leseni yake ina miezi minane. Tulikutana Mwenge Jumapili moja tukapanga nani ataendesha siku gani, pesa ipitie mkono wa nani, na tukakubaliana kwamba akitaka mtu kusimama, gari linasimama. Hilo la mwisho tulilisema kwa wepesi tu. Kule ndiko tulikoona uzito wake.

Tulipanda boti Kivukoni asubuhi, baada ya kama saa mbili hivi za safari tukawa Malindi, bandari ya Unguja. Tulilala Mji Mkongwe, kesho yake tukachukua meli ya kwenda Mkoani, mji wa bandari kusini mwa Pemba. Asiyezoea bahari ale kidogo na ajiandae. Ukishaivuka rasi ya Nungwi, kile kivuli cha Unguja kinaisha na chombo kinaanza kupanda na kushuka. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi, zamani za kale ilikuwa imeungana na bara. Pemba imetengwa na mkondo ambao kina chake hufika mita 800 hivi. Ndiyo maana ina popo wake, bundi wake na hata mnazi pori wake usioota kwingine. Nitafika huko.

Mwenye gari alitusubiri nje ya geti la bandari Mkoani. Suzuki Escudo ya miaka mingi, namba ya Z ya Zanzibar, injini nzima. Huyu tulimpata kwa kuulizia watu. Kabla yake kulikuwa na wakala mmoja hapa Dar aliyepokea pesa yetu ya awali, halafu usiku wa kuamkia safari akatupandishia bei. Tulikataa, na ile pesa mpaka leo hatujarudishiwa. Kwa hiyo nasema kwa uchungu wa kweli: usitume amana kwa mtu ambaye hujaongea naye kwa sauti, ukamuuliza gari lipo wapi muda huo, na akakutumia picha ya gari lenyewe likiwa na namba.

Naendelea baada ya swala na chakula.

#2 KijanaWaKimara

Mkuu, weka bei bila kuzunguka. Na leseni ya bara inakubalika kule?

#3 MsafiriPolepole

Bei: tulikubaliana 90,000 kwa siku bila dereva, siku 4, jumla 360,000. Gawanya kwa watu watano, ni 72,000 kila mtu. Mafuta ya siku zote hayakufika 130,000, maana kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi. Hiyo ni bei yetu ya mwezi wa kumi kwa gari kuukuu, nawe utapatana yako.

Leseni: mwenye gari alituomba picha za leseni za waendeshaji wote siku mbili kabla, akashughulikia karatasi mwenyewe, tukazikuta ndani ya gari. Trafiki walitusimamisha mara mbili, wakaziangalia, wakatutakia safari njema. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, umwachie mwenye gari jambo hilo na lisemwe kabla hujalipa.

Kabla ya kuondoka Mkoani tulifanya kitu ambacho jamaa yangu mmoja alisisitiza mpaka tukachoka: tulilizunguka gari na simu tukirekodi kila mkwaruzo, tukafungua buti kuangalia spea, jeki na spana ya magurudumu. Spana haikuwepo. Mwenye gari aliifuata nyumbani kwake kwa pikipiki, nusu saa akarudi nayo. Siku ya tatu ilitufaa.

Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30 za lami nzuri, lakini usitarajie Morogoro Road. Pemba ni vilima na mabonde, mabonde na vilima. Unapanda kwenye mikarafuu na minazi, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda tena. Kila kona ina nyumba, na kila nyumba ina mtoto. Alasiri barabara inajaa watoto wa madrasa, wa kike kwa mabuibui na wa kiume kwa kanzu na kofia, wanatembea kwa mistari pembeni ya lami wakiwa na juzuu mikononi. Mwendo wetu ulikuwa 40, na sehemu nyingi chini ya hapo.

Siku ya kwanza tulikwenda Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Yasemwa huyo alikuwa mtawala mkali hata jina lake likawa hilo, mkamua wanaume. Mahali penyewe pamemezwa na miti, kuta zimebaki vipande. Lakini kuna kisima, na mzee aliyetupokea alitusimulia kuwa bwana yule alikuwa na wake wawili wenye wivu, basi kisima kikawekewa ukuta: mmoja anateka kwa kamba na ndoo, mwingine anashuka kwa ngazi, wasionane. Dada mhasibu alikaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Nadhani alikuwa anamfikiria yule wa ngazi, aliyekuwa akipanda na maji kichwani.

Chakula: Chake jioni, pweza wa kuchoma na mkate wa ajemi, pale wanapokaa wauza vyakula. Nilikula siku tatu mfululizo.

#4 FundiGereji

Umesema Escudo. Mlikwenda Vumawimbi? Mchanga wa ile njia unameza gari. Mliopita na gari dogo poleni sana.

#5 MsafiriPolepole

Tulikwenda, fundi, na ulitumeza.

Siku ya pili tulijaza mafuta Chake, tukaelekea kaskazini. Kutoka Chake kuna njia mbili: ya zamani ya magharibi inayojikunja kuelekea Wete, na ile ya mashariki inayopitia Ole mpaka Konde. Tulikwenda kwa ya mashariki. Tulisimama Kidike kuwaona popo, na hapa naomba mnivumilie.

Popo wa Pemba ni mkubwa. Akitanua mabawa anafika mita moja na nusu na zaidi kidogo. Wamening'inia juu ya miti mchana kama magunia madogo ya rangi ya shaba, kila dakika mmoja anajikuna, mwingine anajipepea kwa bawa. Miaka ya mwisho ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana kwa kuwindwa na kukatwa miti wanayolala. Wanakijiji ndio waliosimama wakawalinda, na sasa wamerudi kwa wingi. Tulikaa saa nzima shingo juu. Kijana aliyetuongoza alitueleza kwamba popo hawa hula matunda na kutawanya mbegu, kwa hiyo sehemu ya miti ya kisiwa hiki wameipanda wao. Sijawahi kumfikiria popo kwa namna hiyo.

Baada ya Konde ndipo unaingia Ngezi. Msitu huu ni mabaki ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya karafuu. Unalipa ada getini, unapewa mwongozaji. Ndani kunapoa ghafla. Tulioneshwa mpapindi, ule mnazi pori niliousema hapo mwanzo, ambao asili yake ni hapa tu.

Ukitoka msituni unafika rasi ya Kigomasha, na Vumawimbi iko upande wa mashariki. Mchanga mweupe, ghuba ndefu, siku ile tulikuwa sisi na wavuvi wanne wanaotengeneza nyavu. Lakini mita mia moja kabla ya ufuko tairi za nyuma zilizama mpaka kwenye ekseli. Jamaa yangu akakanyaga mafuta, likazidi kuzama. Wale wavuvi waliona, wakaja bila kuitwa. Mmoja alimwambia kwa upole, "Kaka, usilipige. Mwaga upepo kwanza." Tukapunguza upepo matairi yote manne, wao wakaleta makumbi ya nazi na makuti makavu wakatandika chini ya magurudumu, sisi tukasukuma. Likatoka mara ya pili. Walikataa pesa. Walichokubali ni maji ya kunywa na ile mikate yetu ya ufuta, tukala pamoja kivulini.

Fundi, sahihisha kama nimekosea: nilirudi Konde polepole kwa upepo mdogo, ndipo nikajaza.

#6 FundiGereji

Hukukosea. Upepo mdogo mchangani, mwendo mdogo ukirudi kwenye lami, na ujaze haraka maana ukikimbia nao tairi linachemka na kuchanika ubavu. Nyongeza kwa wengine: gari likizama, kosa la kwanza ni kuzungusha magurudumu. Zima, shuka, chimba mbele ya tairi kwa mikono, tandika kitu kigumu, toka kwa gia ya pili taratibu.

#7 DadaWaMchikichini

Nasubiri siku ya tatu. Umesema spana iliwafaa.

#8 MsafiriPolepole

Pancha ya kawaida tu, msumari karibu na Wete, dakika ishirini tukaendelea. Siku ya tatu ina jambo kubwa zaidi ya hilo, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tulirudi kutoka Wete kwa ile njia ya zamani ya magharibi. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Kila kijiji wamo juu ya miti, unasikia sauti za vijana wakiitana kutoka kwenye matawi, chini kina mama na watoto wamekaa wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Na pembeni ya barabara, kila palipo tambarare na jua, kuna majamvi yameanikwa karafuu. Nyingine bado za kijani na wekundu wa waridi, nyingine zimeshakuwa za rangi ya udongo. Harufu inaingia ndani ya gari hata ukifunga vioo.

Zamu ilikuwa ya yule binti. Alikuwa anaendesha vizuri. Kwenye kona moja lori lilikuja katikati ya barabara, akakwepa kushoto, na tairi la mbele likapita juu ya ncha ya jamvi. Nilisikia mlio wake. Ni kama kukanyaga kokoto ndogondogo, lakini laini zaidi.

Alisimamisha gari papo hapo. Jamaa mmoja nyuma alisema twende, hakuna aliyeona. Binti hakumjibu, alivuta handibreki akashuka. Sisi tukamfuata.

Bibi mmoja alitoka uani kwake, mtu mzima sana, kanga mbili, anatembea kwa kujishika kiuno. Tulimwamkia shikamoo wote kwa pamoja. Akaitikia. Akatazama jamvi, akatazama gari, akamtazama binti ambaye machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitoa pochi. Bibi aliisukuma kwa kiganja cha mkono.

"Mwatoka bara?"

"Ndiyo bibi, Dar es Salaam."

"Basi usilie, mjukuu wangu. Okota."

Tukapiga magoti kwenye lami, watu wazima watano, tukaokota karafuu moja moja. Zilizopasuka tuliziweka kando, zilizochanganyika na mchanga kando, nzima zikarudi jamvini. Saa moja na zaidi. Bibi alikaa kwenye kigoda akitufundisha: hii bado, hii tayari. Anaivunja moja katikati, ikilia imekauka, ikipinda irudi juani. Alisema mwanawe alikuwa juu ya mti muda ule ule tunaoongea, na mwaka uliopita jirani yao alianguka mkarafuu akavunjika mguu. Alisema kila karafuu iliyoko pale chini, kuna mtu aliyepanda kuifuata.

Wakati wa kuondoka alitupimia kibaba kizima akatufungia kwenye kipande cha gazeti.

#9 KijanaWaKimara

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo mimi nina swali. Barabara ni ya magari. Mtu akianika mali yake barabarani halafu dereva anakwepa lori, kosa ni la nani? Angegongwa mtoto anayegeuza karafuu je? Mbona tunawalaumu madereva tu.

#10 MpembaWaIlala

Asalamu alaykum. Mimi nimezaliwa Pemba, niko Ilala mwaka wa kumi na tisa. Kijana wa Kimara ameuliza kwa adabu, nitamjibu kwa adabu.

Karafuu mbichi haingoji. Ikishachumwa lazima ipate jua, la sivyo inavunda na rangi inaharibika. Inataka siku kadhaa za jua kali, na msimu wetu mkubwa unagongana na mvua za vuli. Wingu likijitokeza unamwita kila mtu aliyemo nyumbani kukunja majamvi, kisha unatandika tena. Sasa tazama ardhi yetu. Umesikia alivyosema, vilima na mabonde. Uani kuna kivuli cha miti ile ile. Sehemu tambarare, kavu, yenye joto, mara nyingi ni kando ya lami. Wenye uwezo wanajenga sakafu ya saruji. Bibi kama huyo hana.

Kilo tatu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja. Mchumaji analipwa kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo, na pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo kile kibaba mlichopewa ni robo ya pishi. Halafu mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na wananunua kwa madaraja. Iliyopondwa na iliyoingia mchanga inashusha daraja la gunia zima. Ndiyo maana aliwaambia mziokote na mzichambue. Pesa yenu ingelipa zile zilizopasuka, isingelisafisha gunia.

Mnaozungumzia barabara, jueni na hili: mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka kwetu. Shule tulizosoma, meli zinazokuja, sehemu ya hiyo lami yenyewe, imetoka juu ya ile miti. Mimi nililipiwa ada kwa karafuu.

Hatari ya watoto ni kweli na inanikera hata mimi. Lakini dawa yake ni mwendo. Mtu wa gari la kukodi hajui kijiji, basi aende kama anayebisha hodi.

#11 KijanaWaKimara

Nimekuelewa, kaka. Hilo la gunia zima kushuka daraja sikulijua. Asante.

#12 DadaWaMchikichini

Tunataka kwenda wanawake watatu peke yetu mwezi wa kwanza. Usalama ukoje, na mavazi?

#13 MpembaWaIlala

Dada, karibuni sana. Mjini na vijijini vaeni nguo za kujistiri, kanga ya kujifunika begani iwe karibu. Za kuogelea mbaki nazo ufukweni. Usiku msiendeshe, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa ni nyingi. Mkifika mahali salimieni kwanza kabla ya kuuliza njia, mtasindikizwa mpaka mlangoni. Na mkipanda meli, angalieni idadi ya watu. Mkiona imejaa kupita kiasi, shukeni, msione haya. Sisi Wapemba hatujaisahau meli ya MV Spice Islander, iliyozama ikija Pemba tarehe 10 Septemba 2011. Mimi nilizika.

#14 DadaWaMchikichini

Poleni sana, kaka yangu. Mungu awarehemu. Nitazingatia kila neno.

#15 MsafiriPolepole

Mpemba wa Ilala, pole, na asante kwa maelezo yako. Ningekuwa nimeyasoma kabla ya safari ningeendesha tofauti tangu Mkoani.

Kijana wa Kimara, swali lako jamaa yangu wa kiti cha nyuma alilibeba mpaka Chake. Usiku ule kwenye pweza ndipo alipomwomba binti radhi kwa kusema twende. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi Vumawimbi.

Siku ya nne hatukwenda popote pa kuandikwa. Tulikuwa tumepanga kwenda Wesha tupate mashua ya kwenda kisiwa kidogo cha Misali, tukaahirisha. Tuliendesha njia za udongo za upande wa mashariki, tukasimama kila tulipotaka, tukanunua machungwa, tukamsaidia mzee mmoja kupandisha baiskeli yake yenye magunia mawili kwenye kilima. Kwa daladala usingeweza kusimama hapo. Kwa gari la watalii lenye ratiba usingesimama. Ndugu zangu, kama mtakodi gari Pemba, kodini kwa ajili hiyo. Mkitaka kufika tu, daladala zipo na ni rahisi.

Dada wa Mchikichini, namba ya mwenye gari nakutumia faragha. Mwambie akuwekee spana.

Jambo moja limebaki. Wakati tunaokota, dada mhasibu alimpiga bibi picha kwa ruhusa yake, ameshika karafuu kwenye kiganja. Bibi aliuliza kama inaweza kutoka kwenye karatasi, kwa sababu picha yake ya mwisho ni ya kitambulisho. Tumeisafisha jana Kariakoo, kubwa, tukaitia kwenye fremu. Mwenye gari ana shemeji yake aliyekuwa Dar kwa matibabu, leo anarudi nyumbani. Nimemkabidhi bandarini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, imefungwa kwa kanga mpya ili kioo kisivunjike. Kanga nayo ni ya bibi.